Mkono wa Trela la Boti na Pini Inayocheza

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi hukiona kila wapitapo mahali boti zinaposhushwa majini, wala hawakitupii jicho la pili: ule mkono wa mbele wa trela la boti, unaoliunganisha trela na gari. Tena si mkono wowote. Nazungumzia ule unaorefuka, wenye paipu moja ya mraba iliyoingia ndani ya paipu nyingine. Unachomoa pini, unavuta, unapata mita mbili tatu za ziada. Wengine huuita ulimi, kwa kuwa hutoka na kurudi. Mimi nitauita mkono. Na swali la leo ni moja tu: trela likishazeeka, ni kitu gani hasa kinachoushika mkono huo usichomoke njiani?

Tuanze na sababu ya kuwapo kwake. Katika pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwenye ngalawa hili halimpi tabu sana: anasubiri maji, anatia magogo chini ya chombo, watu wanashika huku na huku, chombo kinateremka. Lakini boti ya faiba yenye injini nzito nyuma, au boti ya tanga yenye mkuku, huja juu ya trela, na trela haliwezi kuiachia boti mpaka maji yawe marefu ya kutosha kuielesha. Tuseme boti yako inahitaji maji ya mita 1 pale penye magurudumu ya trela, na mteremko wa zege unashuka mita 1 kwa kila mita 10. Basi magurudumu ya trela lazima yaingie majini mita 10. Kama kutoka ekseli ya trela hadi magurudumu ya nyuma ya gari ni mita 6, gari lako nalo limeingia mita 4, na maji ya chumvi yamefika sentimita 40 kwenye magurudumu: beringi zinaogelea, breki zinaogelea, bomba la moshi linabubujika. Refusha mkono kwa mita 3, na maji hayo yanashuka hadi sentimita 10. Hiyo ndiyo kazi yake. Ni kazi nzuri, na asiyeuthamini mkono huo hajawahi kununua beringi mpya kila baada ya miezi michache.

Sasa turudi kwenye swali letu: nini kinaushika? Muulize mwenye trela yeyote, atakuonyesha pini. Na ukimwambia trela limezeeka, jibu lake la kwanza litakuwa, tutatia pini nene zaidi. Ni jibu linaloingia akilini. Pini nyembamba hukatika, pini nene haikatiki, au sivyo? Hoja yangu leo, wasikilizaji, ni kwamba jibu hilo linaangalia mahali pasipo na tatizo. Mkono wa trela kuukuu kwa kawaida haushindwi kwa sababu pini ni dhaifu. Unashindwa kwa sababu pini inacheza. Nafasi ile ndogo kati ya pini na tundu, na nafasi nyingine kati ya paipu ya ndani na ya nje, ndiyo inayokula chuma kidogo kidogo. Tusipoiondoa hiyo nafasi, hata tukitia pini nene kama mchi, tutakuwa tumeahirisha tu.

Ushahidi uko wapi? Uko kwenye trela lenyewe, na huhitaji kipimo chochote kuuona. Chomoa bolti au pini iliyotumika miaka kadhaa, ifute kwa tambara lenye mafuta ya taa, uizungushe juani. Utaona mikanda inayong'aa, pale tu ilipopita katika kuta za paipu, na kwingine kote kutu au rangi ya moshi. Pitisha ukucha wako kwenye mkanda mmojawapo. Ukucha ukikwama, hicho ni kijibonde, na hakikuchongwa na kiwanda. Sasa chungulia tundu. Lilitobolewa likiwa la duara. Leo limekuwa kama yai, na urefu wa yai hilo umelala kufuata njia ya safari, mbele na nyuma, wala si juu na chini. Angalia vizuri maana ya jambo hilo. Kama uzito wa boti ndio ungekuwa adui mkuu wa tundu, yai lingesimama. Limelala, maana yake linapigwa na kuvutwa na kusukumwa: gari likiondoka, mkono unavutwa, gari likifunga breki, trela linasukuma, na kwenye kila tuta yote mawili yanatokea ndani ya sekunde chache. Hesabu mwenyewe matuta kati ya Kilifi na Mombasa, kisha uyazidishe kwa safari za mwaka.

Mwingine atasema, lakini nguvu ya kuvuta si ileile, pini ikicheza au isipocheza? Hapana, na hapa mfano wa nyumbani utatusaidia. Chukua nyundo uilaze juu ya kichwa cha msumari. Iache hapo hadi kesho. Msumari hautaingia hata unene wa karatasi. Inyanyue shubiri moja uipige, na msumari unazama. Nyundo ni ileile, uzito wake ni uleule. Kilichoongezeka ni ile nafasi ya kukimbilia. Pini iliyobana katika tundu lake ni nyundo iliyolazwa. Pini yenye nafasi ya milimita 3 ni nyundo iliyonyanyuliwa, na nyuma yake kuna boti na trela la tani moja na nusu. Kila pigo linapanua tundu kidogo, tundu likipanuka nafasi inaongezeka, nafasi ikiongezeka pigo linalofuata ni kubwa zaidi. Ndiyo maana trela linaweza kukaa miaka 15 bila dalili, kisha likaharibika ndani ya msimu mmoja, na mwenyewe akashangaa.

Na je, pini yenyewe ina nguvu kiasi gani? Sitaki kuwachosha kwa hesabu, ila mbili tatu zinatosha. Tazama kichwa cha bolti. Zile zenye ubora hupigwa muhuri wa namba, mara nyingi 8.8. Bolti ya namna hiyo yenye unene wa milimita 16, ikiwa imepita pande zote mbili za paipu, haikatiki kwa mvuto mmoja usiozidi uzito wa tani 10. Boti na trela lako ni tani moja, mbili. Sasa linganisha na ukuta wa paipu unaoibeba bolti hiyo: chuma laini, unene milimita 4, na baada ya miaka ya chumvi labda umebaki milimita 2 na nusu. Huyo ndiye anayeumia kwanza. Ukitoboa tundu kubwa ili uingize pini nene, umempunguza yule aliye dhaifu ili umwongezee yule aliyekuwa na nguvu za kutosha tangu mwanzo. Ni sawa na mtu mwenye mlango uliooza anayekwenda dukani kununua kufuli kubwa.

Kabla hatujafika kwenye dawa, kutu nayo ina maneno yake. Kuna watu hutazama mkono ulioshikana kwa kutu, hautoki hata ukipigwa, wakasema, alhamdulillahi, huu sasa hauwezi kuchomoka. Tafadhali usimwamini mlinzi huyo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi, kwa hiyo inapojaa kati ya paipu mbili huzisukuma kuta zifure, na kiungo cha kuchomelewa kinaanza kuachana. Halafu paipu ya mraba huoza kutoka ndani. Maji ya bahari huingia, hayapati pa kutokea, yanakaa na mchanga wake mpaka safari ijayo, huku nje rangi inapendeza. Njia rahisi ya kujua ni kuchukua nyundo ndogo ugonge paipu kuanzia mwisho hadi mwisho, hasa upande wa chini. Chuma kizima huitika kwa sauti kali. Kilichooza huitika kwa sauti ya debe lililojaa mchanga. Palipoitika hivyo, piga kwa ncha ya nyundo. Chuma kikibonyea, tusizungumze tena habari ya pini. Paipu hiyo ni ya kubadilishwa.

Haya, paipu ni nzima, matundu ndiyo yamekuwa mayai. Tufanye nini? Nitaeleza jambo lenyewe kwa urefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo fundi na mwenye trela hupotezana. Kwanza, toa mkono wote nje, usugue kwa brashi ya waya ndani na nje kadiri inavyowezekana. Kisha, badala ya kupanua tundu, liongezee ukuta: bamba la chuma la milimita 6 huchomelewa kila upande wa paipu ya nje, likatobolewa kwa kipimo cha bolti hasa, si kwa kukadiria. Paipu ya ndani inataka kitu kingine zaidi. Ukikaza nati kwenye paipu tupu, kuta zinabonyea kuelekea ndani kama kopo, nawe unadhani umekaza kumbe umebonyeza. Kwa hiyo ndani yake hupitishwa bushi, yaani kijipaipu kinene kinachotoka ukuta mmoja hadi wa pili, na bolti inapita humo. Hapo bolti haibebwi tena na kingo mbili nyembamba za chuma, inabebwa na bushi nzima, na ukikaza nati inakazika kweli. Na chagua bolti yenye shina laini refu, ili meno yaanzie nje ya kuta. Meno yakikaa ndani ya tundu yanafanya kazi ya tupa: yanasaga tundu, na bolti yenyewe ni nyembamba zaidi penye meno.

Pini ilale au isimame? Mara nyingi swali hili halipati hata dakika moja ya kufikiriwa, na mimi naona lina uzito kuliko unene wa pini. Uzito wa mbele wa trela huupinda mkono kwenda juu na chini, kwa hiyo kuta za juu na za chini za paipu ndizo zinazovutika na kubanwa zaidi. Ukitoboa tundu la kusimama, umekata chuma mahali palepale panapofanya kazi kubwa. Ukitoboa la kulala, kupitia ubavuni, katikati ya urefu wa ukuta, umekata mahali panapopumzika. Nakubali kwamba pini iliyosimama ina fadhila yake: kichwa kikiwa juu, haidondoki yenyewe kirahisi. Lakini fadhila hiyo inapatikana pia kwa nati ya kujifunga yenye plastiki ndani, au spliti-pini ya bei ndogo, bila kuukata mkono mgongoni.

Kisha zitumike bolti mbili, si moja, zikiwa zimeachana angalau nusu mita. Bolti moja ni bawaba. Paipu ya ndani inaweza kuchezea juu yake. Bolti mbili ni kiungo. Na ile nafasi iliyobaki kati ya paipu mbili iondolewe kwa njia ambayo mafundi wengi wa kuchomelea wataifanya ndani ya nusu saa: nati mbili kubwa huchomelewa juu ya paipu ya nje, tundu likiwa chini yake, na bolti fupi zinazungushwa humo mpaka ziiminye paipu ya ndani ikatulia. Hizo bolti fupi hazibebi boti. Kazi yao ni kuzima kelele za kule kucheza, na kwa kelele hizo ndivyo chuma kinavyolalamika kabla hakijavunjika.

Nisisitize jambo jingine, kwa sababu hapa watu hubishana. Mkono mrefu ni wa kwenye mteremko, si wa barabarani. Boti ikishatoka majini na trela likafika mahali tambarare, mkono urudishwe ndani, bolti zote mbili zifungwe, ndipo safari ianze. Kwa nini? Shika ndoo ya maji karibu na kifua, kisha jaribu kuinyoosha mbele. Ndoo ni ileile, ila bega linalia. Tuchukue trela na boti vyenye kilo 1,000, na kilo 80 zinakaa juu ya lile tufe la chuma nyuma ya gari, umbali wa mita 4 kutoka ekseli. Ukirefusha mkono mita 2, uzito juu ya tufe unashuka hadi kilo 50 na kitu. Unaweza kudhani umepunguza mzigo. Lakini sehemu iliyotokeza nje ya paipu kubwa, iliyokuwa nusu mita, sasa ni mita 2 na nusu, na nguvu ya kuipinda paipu pale inapoingia kwa mwenzake imeongezeka zaidi ya mara tatu. Hapo hapo sehemu iliyobaki ndani imekuwa fupi, kwa hiyo inakabwa vibaya zaidi. Na zile kilo 50 zimeikaribia asilimia 5 ya uzito wote, mpaka ambao watengenezaji wengi wa matrela ya boti hawataki uvukwe kwenda chini. Trela lenye mbele nyepesi huanza kuyumba mkia gari likichanganya mwendo. Atakayesema trela refu hurudi nyuma kwa urahisi zaidi kuliko fupi, amesema kweli, na mimi simpingi. Afurahie urahisi huo pale mtelemkoni, kwa mwendo wa kobe.

Tumeshasema kucheza, tumeshasema bolti mbili, tumeshasema mkono urudi ndani. Sasa tuulize swali la mtu mwenye hofu: na kama vyote hivyo vikishindwa? Nenda nje ukaangalie mnyororo wa usalama wa trela lako umefungwa wapi. Kwenye matrela mengi ya aina hii umefungwa mbele kabisa, karibu na kichwa kinachokamata tufe, yaani juu ya paipu ya ndani. Unaona tatizo? Mnyororo huo unakulinda kichwa kikiruka kwenye tufe. Bolti za mkono zikitoka, paipu ya ndani inachomoka ikifuata gari pamoja na mnyororo wake, vyote salama salimini, na trela lenye boti linabaki nyuma huru barabarani. Umemfunga mbwa kamba, kumbe kamba imeshikana na kola na kola haiko shingoni. Mnyororo unaofaa hufungwa kwenye chasi yenyewe, au kwenye paipu ya nje, ukapita chini ya mkono hadi kwenye gari. Iwe minyororo miwili iliyopishana kama mkasi, ili mkono ukianguka uangukie juu yake badala ya kuchoma lami.

Na kuna ulinzi mwingine ambao haugharimu kitu. Kwenye ncha ya nyuma ya paipu ya ndani, ile isiyoonekana, pitishwe bolti inayotokeza pande zote mbili, nyuma ya mwisho wa paipu ya nje. Mkono ukivutika kupita kiasi, bolti hiyo inagonga ukingo wa paipu kubwa na safari inaishia hapo. Iwekwe mahali ambapo hata mkono ukirefuka kabisa, sehemu nzuri ya paipu inabaki ndani. Trela jipya lililotengenezwa vizuri huwa na kizuizi cha namna hii. Kwenye kuukuu mara nyingi kilishaondolewa na mtu aliyetaka sentimita chache zaidi, siku ambayo maji yalikuwa yamekupwa mno.

Najua baadhi yenu mnaguna. Mmoja anasema, yote haya ya nini, si uchomelee tu paipu mbili ziwe moja, mambo yaishe? Tumjibu kwa heshima, kwa sababu hoja yake ina ukweli ndani yake. Kama huna haja ya kurefusha mkono, kama unashusha boti yako pale tu penye mteremko mkali, basi kuufunga moja kwa moja ni uamuzi halali. Lakini ufanywe vizuri. Mshono wa kuzunguka paipu pale mdomoni uko mahali panapopindwa zaidi kuliko pengine pote, na joto la kuchomelea limeukausha uhai wa chuma pembeni yake. Ndipo ufa huanzia. Afadhali mabamba marefu ubavuni, mishono ikifuata urefu wa paipu. Zinki iliyokuwa inaukinga mkono imeungua kwa moto huo, na ndani hakuna brashi inayofika kupaka rangi. Na fundi aisugue zinki hiyo kwanza kabla hajawasha, kwa kuwa moshi wake unaleta homa na kutetemeka usiku kucha. Mwenye kutaka kuendelea kurefusha mkono, kuchomelea si dawa yake. Wiki ijayo ataliingiza gari baharini.

Wa pili anasema, mimi nimetia bolti ya chuma kisichoshika kutu, sina wasiwasi. Amejitahidi. Bolti yake si dhaifu, ingawa kwa kawaida haiifikii ile ya 8.8 katika kuvumilia bila kunyooka. Shida haiko kwenye bolti, iko kwa jirani yake. Vyuma viwili vya tabia tofauti vikigusana ndani ya maji ya chumvi, mmoja humla mwenziwe, na hapa anayeliwa ni paipu, palepale kwenye ukingo wa tundu. Bolti itatoka ikimetameta kama siku iliyonunuliwa, na tundu litakuwa yai. Kwa maoni yangu, bolti ya 8.8 iliyochovywa zinki, ikapakwa grisi na kubadilishwa kila mwaka, ni bora kwa trela la chuma cha kawaida. Wanaotumia ziwani, Kisumu au Mwanza, ambako maji hayana chumvi, wana nafuu kubwa kwa upande huu. Kwa upande wa kucheza hawana nafuu yoyote. Tuta halijui kama umetoka baharini au ziwani.

Wa tatu ndiye mgumu. Anasema, trela hili lina miaka 30, pini ni ileile, halijawahi kuchomoka. Simwambii anasema uongo. Namwomba tu aichomoe hiyo pini leo, aifute, apitishe ukucha. Kama ukucha unateleza na tundu ni duara, basi anayo sababu ya kujivuna na mimi nitampa hongera. Kama ukucha unakwama, miaka 30 hiyo haimtetei. Inatuambia tu chuma kimesagwa kwa muda gani.

Na wa nne, ambaye mimi mwenyewe naelekea kumuunga mkono nusu, anauliza kwa nini tusiachane na mkono huu kabisa: litolewe trela kwenye gari, lishushwe kwa kamba nene, gurudumu dogo la mbele likiliongoza. Kwa boti ndogo na mteremko wa zege usio mkali, njia hiyo ni safi, na haina pini ya kuchunguza. Ila kamba huvuta tu, haisukumi wala haielekezi. Kwenye mchanga gurudumu dogo linazama hadi kwenye kitovu chake, trela linageuka ubavu, na mawimbi hayasubiri mshauriane. Kwa boti nzito na ufuo wa mchanga, mkono wa chuma bado ndio bwana.

Limebaki moja, nalo ni la vidole vyenu. Pale mtelemkoni, kabla pini haijaguswa, kabari ziwekwe nyuma ya magurudumu yote ya trela, na asiwepo mtu anayesimama kati ya boti na maji. Pini ikitoka, dereva asogeze gari mbele taratibu, paipu iteleze, mpaka matundu yakutane. Hapo ndipo mtu huinama na kutia kidole tunduni kupapasa kama yamelingana. Usifanye hivyo kamwe. Paipu mbili zenye matundu, moja ikipita juu ya nyingine, ni mkasi, na nyuma ya mkasi huo kuna gari lenye injini inayonguruma. Tumia bisibisi ndefu: ikipita hadi upande wa pili bila kukwama, matundu yamelingana, tia bolti, kaza nati, kisha mpe dereva ishara.

Muda wetu umekwisha, wasikilizaji. Kesho asubuhi maji yakiwa bado yamekupwa, wenye matrela wana saa kadhaa za kuchomoa bolti na kuitazama juani.